Kuhamia Nyumba na Kuupanga Uwanja Wake wa Nyuma

Mtu akishakabidhiwa funguo za nyumba anayotarajia kuishi kwa miaka mingi, hamalizi dakika nyingi kabla hajafungua mlango wa nyuma na kusimama uani akiwaza. Hapa atapanda mti, pale atajenga kibanda, kule watoto watacheza. Mawazo hayo ni mema na yanastahili kuandikwa mahali, lakini yasianze kutekelezwa wiki hiyo hiyo. Uwanja wa nyuma una mambo mengi usiyoyaonyesha siku ya kwanza: mahali maji yanapotuama mvua ikinyesha mfululizo, kona ambayo jua la alasiri huiunguza mpaka haikaliki, bomba lililofukiwa zamani bila kuachiwa alama yoyote. Ushauri wangu, ambao ndio nguzo ya mwongozo huu wote, ni kwamba miezi ya mwanzo uitumie kuusoma uwanja, na kazi yoyote ya kudumu isubiri mpaka umeuona ukipitia walau kipindi kimoja cha mvua nyingi na kimoja cha ukavu.

Ushauri huu niliupata kwa hasara. Katika nyumba yangu ya kwanza nilijenga sakafu ya kukalia nje kabla mwezi haujaisha, mbele ya ukuta unaotazama magharibi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa patupu. Ilipofika alasiri ukuta ule ulifyonza joto na kulirudisha hadi usiku, na hakuna mtu aliyependa kukaa pale. Mvua kubwa ya kwanza ikafichua kosa la pili: sakafu ilikuwa imeziba njia ambayo maji yaliizoea, nayo yakageukia mlango wa jikoni. Kuivunja kulichukua siku nyingi kuliko kuijenga.

Hatua ya kwanza: Ijue nyumba kabla ya uwanja

Kabla ya kupanga samani, tafuta koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme, mita zote mbili na mifuniko ya chemba za maji taka. Jaribu kuifunga na kuifungua koki kuu, kwa kuwa koki iliyokaa miaka bila kuguswa hukwama mara nyingi, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa umetulia kuliko siku bomba limepasuka. Vitasa vya milango ya nje vibadilishwe, maana huwezi kujua ni watu wangapi wamebaki na nakala za funguo.

Kisha pima kama maji yanavuja. Funga mabomba yote, soma namba kwenye mita, kaa saa mbili bila mtu yeyote kutumia maji, halafu soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanapotea, na mara nyingi mahali hapo ni chini ya ardhi, kwenye bomba linalopita uani kutoka kwenye mita hadi ndani ya nyumba. Wakati wa ukavu, kipande cha nyasi kilichobaki kibichi huku majirani zake wamekauka ni dalili ya kufuatilia.

Mifuniko ya chemba ndiyo itakayokuonyesha njia ya maji taka. Mwombe mtu amwage ndoo ya maji chooni huku wewe ukitazama kwa juu ni chemba ipi inapokea na maji yanaelekea upande gani. Bomba kwa kawaida hunyooka kutoka chemba moja hadi nyingine, kwa hiyo mstari unaounganisha mifuniko miwili ndiyo njia ya bomba. Usiingie ndani ya chemba wala usiinamishe kichwa humo, kwa sababu hewa yake inaweza kumlevya mtu na hata kumuua. Kama nyumba inatumia tangi la maji taka lililochimbiwa, tafuta lilipo pamoja na eneo ambako maji yake yanafyonzwa na ardhi. Juu ya eneo hilo pasipandwe mti, pasijengwe kitu, na pasipitishwe gari.

Ndani ya nyumba, fungua kwanza mizigo ya jikoni na ya vyumba vya kulala, na mingine ifuate taratibu. Kabati kubwa, makochi na chochote kitakachopigiliwa ukutani visubiri mwezi mmoja hivi, mpaka ujue ni chumba gani mnakaa jioni na ni kipi mnakipita tu. Subira hiyo hiyo ndiyo utakayoihitaji uani.

Hatua ya pili: Kaa, tazama, andika

Chukua daftari dogo na uliweke karibu na mlango wa nyuma. Kwa wiki sita au nane, andika kila jambo linalowatoa nje: kuanika nguo, kutupa taka, kumpungia mtoto upepo, kuoga jua la asubuhi, kukata majani ya kiungo. Andika na saa. Baada ya muda utaona kwamba mambo uliyoyadhani makubwa hufanyika mara chache, na kwamba safari nyingi za uani ni fupi, huanzia jikoni, na mikono huwa imeshika kitu. Uwanja unaopangwa bila habari hii huwa na bustani nzuri mahali ambapo hakuna anayefika na tope mahali ambapo kila mtu hupita.

Tazama pia nyasi zenyewe. Watu wakipita mahali pamoja kila siku, nyasi hulala, kisha hukatika, na mwisho udongo hubaki wazi. Mstari huo ndio njia ya kweli ya nyumba yenu, na njia utakayoijenga baadaye ifuate hapo hapo, hata kama kwenye karatasi ungependa ipinde kwa madaha. Watu hawazunguki tuta la maua la mviringo wakiwa wamebeba beseni la nguo, watalikanyaga.

Jambo jingine husahaulika mno. Saa nyingi zaidi za maisha yako uwanja utauona kupitia madirishani. Simama mahali unapooshea vyombo, keti kwenye kiti unachokipenda, kaa kitandani, na kila mahali uandike macho yanaangukia wapi: kwenye pipa la taka, kwenye ukuta mtupu, au kwenye mti wa jirani unaopendeza ambao huna haja ya kuupanda tena.

Hatua ya tatu: Pima na uchore

Hutahitaji zaidi ya tepu ya mita 20 au 30, penseli, bikari na karatasi ya mirabaraba. Kwa uwanja wa kawaida, sentimita 1 kwenye karatasi iwe mita 1 ardhini. Kwa uwanja mdogo tumia sentimita 2. Anza na ukuta wa nyuma wa nyumba, ambao kwa kawaida umenyooka, na uupime wote pamoja na mahali pa milango na madirisha. Huo ndio msingi wa mchoro.

Vitu vilivyo mbali na ukuta, kama mti au mfuniko wa chemba, havihitaji ujuzi wa mpimaji. Pima umbali kutoka kona moja ya nyumba hadi kwenye mti, kisha kutoka kona ya pili hadi kwenye mti huo huo. Tuseme umepata mita 7 na mita 5. Kwenye karatasi, panua bikari sentimita 7, weka ncha kwenye kona ya kwanza na uchore tao. Ipunguze hadi sentimita 5, weka ncha kwenye kona ya pili na uchore tao la pili. Yanapokatiana upande wa uani ndipo mti ulipo. Fanya hivyo hivyo kwa kila kona ya uzio, kwa sababu viwanja vingi havina pembe mraba hata kama macho yanadhani hivyo.

Weka kwenye mchoro mabomba uliyoyagundua, nyaya za umeme za chini na za juu, mabomba ya nje, miti ya majirani inayotupa kivuli kwako, na alama ya upande wa kaskazini. Toa nakala kadhaa. Nakala moja itakuwa ya maji, nyingine ya jua, na zilizobaki utazichorachora bila huruma.

Hatua ya nne: Fuata maji

Nitakaa hapa zaidi kuliko kwenye hatua nyingine, kwa kuwa kosa la rangi au la ua husahihishwa kwa siku moja, ilhali kosa la maji huingia kwenye msingi wa nyumba na kuuharibu polepole pasipo mtu kujua.

Mvua kubwa ikinyesha, toka nje na mwavuli. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi, yanaelekea upande gani, na yanakusanyika wapi. Mvua ikikatika, subiri saa moja, chomeka vijiti palipo na madimbwi, na urudi kesho yake uone ni yapi bado yapo. Dimbwi linalobaki kwa siku nyingi ni hatari kwa afya pia, kwani penye joto mbu anaweza kutoka kwenye yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Wengi hawana picha halisi ya wingi wa maji yanayotoka kwenye paa lao. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita za mraba 80, mvua ya milimita 25 ikinyesha, hushusha lita 2,000. Kama mifereji ya paa imetoboka au haipo, lita hizo zinamwagika kwenye ukanda mwembamba kando ya ukuta, mahali ambapo hupaswi kuyaona maji hata kidogo. Kwa hiyo mifereji ya paa na mabomba yake ya kushushia maji ndiyo ukarabati wa kwanza wa uani, ijapokuwa iko juu ya kichwa chako. Tangi la kuvunia maji likipata nafasi, pazuri ni chini ya mojawapo ya mabomba hayo, juu ya kitako imara, kwa sababu lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tangi liwe na mfuniko unaobana, ili mbu wasiingie na mtoto asiweze kuyafikia maji.

Sasa pima mteremko. Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iiname kwenda nje, na kipimo kinachofuatwa na wajenzi wengi ni kushuka sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Macho hudanganya, lakini mpira wa maji haudanganyi. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga wenye urefu wa mita 6 au zaidi, ujaze maji, na uuinue ili mapovu yote yatoke, maana povu moja likibaki kipimo kinaharibika. Mtu mmoja ashike ncha moja ukutani, wewe ushike nyingine mita 3 mbele. Maji yakitulia, uso wake kwenye ncha zote mbili uko usawa mmoja. Pima kutoka uso wa maji hadi ardhini ukutani, kisha kutoka uso wa maji hadi ardhini ulipo wewe. Ukutani ikiwa sentimita 90 na kwako 105, umepata zile 15. Kwako ikiwa ndogo kuliko ya ukutani, ardhi inairudisha mvua kwenye msingi, na hilo lirekebishwe kabla ya chochote kingine kufanyika. Angalia vilevile kwamba udongo haujapanda ukutani: ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, yaani safu isiyopitisha maji iliyolazwa ndani ya ukuta juu kidogo ya msingi, la sivyo unyevu utapanda na rangi ya ndani itaanza kubanduka.

Kipimo cha mwisho ni cha kujua ardhi inakunywa maji kwa kasi gani. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame yote, kisha ulijaze tena. Laza fimbo juu ya mdomo wa shimo, pima kutoka kwenye fimbo hadi kwenye maji, na upime tena baada ya saa moja. Yakiwa yameshuka kati ya sentimita 2.5 na 8, ardhi yako inafaa kwa mimea mingi. Yakishuka kidogo kuliko hivyo, udongo ni mzito na mizizi itakosa hewa, kwa hiyo fikiria matuta yaliyoinuliwa na mfereji wa kuyaondoa maji. Yakizidi sana, jiandae kumwagilia mara kwa mara na kuongeza mboji kila mwaka. Rudia kipimo mahali pawili au patatu, kwa sababu uwanja mmoja unaweza kuwa na tabia mbili.

Maji ya ziada yanaweza kupelekwa kwenye shimo la kufyonzea lililojazwa mawe, lakini pale tu ambapo kipimo kimeonyesha kwamba ardhi inafyonza, na shimo lenyewe liwe walau mita 5 kutoka kwenye nyumba na mbali na mfumo wa maji taka. Kuyaelekeza maji kwa jirani si suluhisho, na sehemu nyingi sheria inakataza.

Hatua ya tano: Soma jua na upepo

Mara moja kwa mwezi, katika siku ya jua, chora mipaka ya vivuli kwenye nakala ya ramani yako saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri. Mchoro wa siku moja hautoshi, kwa kuwa jua huhama. Kwa anayeishi karibu na Ikweta, jua la adhuhuri huinamia kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, hivyo kila upande wa nyumba una zamu yake ya kivuli. Kwa anayeishi mbali kaskazini, jua la adhuhuri hubaki kusini mwaka mzima, na uwanja ulio upande wa kaskazini wa nyumba hukaa kivulini kwa muda mrefu wakati wa baridi. Kwa aliye mbali kusini mambo hugeuka.

Mboga zinazotoa matunda, kama nyanya na pilipili, zinataka saa 6 hadi 8 za jua la moja kwa moja kila siku, na mboga nyingi za majani huvumilia saa 4 hivi. Kiti cha kupumzikia kina mahitaji yaliyo kinyume na ya nyanya, na ramani ya vivuli ndiyo itakayowapatanisha.

Kuhusu upepo, funga vipande vya kitambaa kwenye vijiti na uvitazame kwa siku chache. Watu wengi hukimbilia ukuta mrefu kuuzuia, lakini upepo ukigonga ukuta mzima huruka juu na kushuka upande wa pili kwa fujo. Ua wa miche au uzio wenye nafasi, unaopitisha karibu nusu ya upepo, huutuliza vizuri zaidi.

Hatua ya sita: Ushike udongo

Chukua chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka. Chota udongo kutoka kina cha sentimita 15 hivi, toa mawe na mizizi, jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji karibu ijae na tone la sabuni ya vyombo, kisha funga na utikise kwa dakika kadhaa. Iweke mahali ambapo haitaguswa. Ndani ya dakika moja mchanga utakuwa umelala chini, nawe utaziona chembe zake kwa macho. Baada ya saa mbili hivi tabaka la tope laini litakuwa limekaa juu yake. Mfinyanzi huchelewa, maji yanaweza kubaki na rangi kwa siku nzima au zaidi kabla haujatua. Tabaka hizo tatu ukizipima kwa rula utajua una udongo wa aina gani, na jambo hilo litakuokoa usinunue miche isiyopatana na kwako.

Mfinyanzi usilimwe wala kukanyagwa ukiwa umelowa, kwani hushikamana na kuwa kama tofali. Udongo wa kichanga na wa mfinyanzi, japo tabia zao ziko mbalimbali, huponywa na dawa moja, nayo ni mboji: tabaka la sentimita 5 juu ya tuta, likichanganywa kijuujuu. Kwenye nyumba iliyojengwa karibuni tarajia kukuta vipande vya tofali, saruji na plastiki vilivyofukiwa na mafundi. Kwenye nyumba ya zamani sana, udongo ulio chini ya kuta unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyotoka kwenye rangi iliyobanduka, kwa hiyo mboga za kula zipandwe mbali na kuta hizo, au udongo upelekwe maabara kwanza.

Hatua ya saba: Gawa uwanja

Sasa ndipo penseli inaporuhusiwa kuota ndoto. Weka mbele yako ramani ya maji, ya vivuli na daftari la miezi ile, kisha uanze na vitu visivyo na hiari. Waya wa kuanikia nguo unataka jua na upepo na usiwe mbali na mlango. Mapipa ya taka yanataka kivuli, njia ngumu na umbali kidogo na madirisha. Viungo vya jikoni viwe hatua chache kutoka mlangoni, kwa sababu usiku wa mvua hakuna atakayevuka uwanja kwa ajili ya majani matatu. Watoto wadogo wachezee mahali panapoonekana kutoka kwenye dirisha ambalo mtu mzima husimama mara nyingi. Kama kuna watoto wadogo, acha kabisa wazo la bwawa la samaki kwa sasa. Mtoto mchanga anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Usipande pia mbarika au oleanda, ambazo sumu yake inaweza kuua.

Vipimo fulani havikwepeki. Njia ya mtu mmoja iwe na upana wa sentimita 60, ya toroli 90, na ya watu wawili wanaotembea sambamba 120. Tuta linalofikiwa pande zote mbili lisizidi sentimita 120, na linalofikiwa upande mmoja lisizidi 60, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Meza yenye viti vinne inataka kama mita 3 kwa 3, kwa kuwa viti husogezwa nyuma mtu anapoinuka. Panapohitajika ngazi, kimo cha sentimita 15 kwa kila kidato na 30 au zaidi za kukanyaga zitamfaa mzee na mtoto.

Ukiridhika na mchoro, uhamishie ardhini kwa vigingi na kamba, na mistari ya kupinda uiweke kwa mpira wa kumwagilia. Pembe mraba hupatikana kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo ukiwa mita 5 kamili, pembe imenyooka. Kisha yaache yote hapo wiki nzima. Weka viti pale unapotaka baraza na mkae jioni. Pitisha toroli kwenye njia ya kamba. Mara nyingi kigingi kimoja au viwili vitahamishwa, nako kukihamisha hakugharimu chochote.

Naomba sana usisakafie uwanja wote. Nafahamu mvuto wake, hasa kwa mtu aliyechoka na tope. Lakini sakafu ngumu huzidisha joto, huyasukuma maji yote upande mmoja, na huinyima ardhi mvua. Sakafia pale miguu inapopita na kukaa, ukiipa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, na kwingine kubaki udongo, nyasi au changarawe.

Hatua ya nane: Mipaka na vibali

Kabla ya kamba kugeuka ukuta, hakikisha mpaka wako kwa nyaraka za kiwanja, usitegemee uzio uliopo. Uliza mamlaka ya eneo lako kuhusu urefu wa uzio, vibanda na ukataji wa miti. Ukuta wa kuzuia udongo unaozidi mita 1 usijengwe bila mhandisi. Na mweleze jirani mapema, kabla hajaona mafundi.

Hatua ya tisa: Mpangilio wa kazi

Kazi zifuatane kutoka chini kwenda juu. Anza na yote yatakayofukiwa: mifereji, mabomba, nyaya za taa za nje, hata zile utakazozitumia mwaka ujao, na upige picha kila mtaro ukiwa wazi, tepu ikiwa imelazwa pembeni. Halafu sawazisha mteremko, ukiweka kando udongo wa juu wenye rutuba ili urudishwe mwishoni. Zifuate kuta, njia na sakafu, maana mafundi na matoroli huua kila kilichopandwa mapema. Kisha udongo ulioshindiliwa na kazi ulegezwe kwa uma wa shamba na kupewa mboji, na hapo ndipo mimea iingie: miti kwanza, vichaka, kisha maua na nyasi. Fedha zikiwa chache, maliza hatua moja kikamilifu na usubiri. Mtaro uliokamilika bila bustani ni bora kuliko bustani ambayo itachimbuliwa kwa ajili ya mtaro.

Hatua ya kumi: Mti

Mti ndio uamuzi mrefu kuliko yote uani. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa ndani ya sentimita 60 za juu za udongo na husambaa kupita mwisho wa matawi, kwa hiyo usiupime kwa udogo wa mche. Penye mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, mti mkubwa uwe mbali na msingi kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia ukikomaa. Penye uwanja mdogo chagua mti mdogo, na uupande mahali ambapo kivuli chake kitaangukia ulipopaona panaungua kwenye ramani ya vivuli.

Chimba shimo pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina chake kilingane na bonge hilo, kwani mti uliozama hufa polepole. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko ifunguliwe kwa vidole au ikatwe. Rudisha udongo ule ule uliouchimba, ushindilie kwa mkono, na uhakikishe mahali shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi panaonekana juu ya ardhi. Mwagilia mpaka chini palowe, kisha tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 10 kwa upana wa shimo, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, ambalo huoza likifunikwa. Kama mche unahitaji kigingi cha kuegemea, ufunge kwa kamba laini na legevu ili shina liendelee kuyumba kidogo na kukomaa, na ufungue kamba hiyo baada ya mwaka mmoja.